Jinsi ya Kununua Gauni la Dola 60 kwa Dola 160

Chukua karatasi na kalamu. Simu ilaze kifudifudi, maana kidole gumba kina tabia ya kulipa kabla kichwa hakijakubali. Mwongozo huu ni wa mtu aliyeona gauni la sendoff kwenye duka la mtandaoni la China au Uingereza, akalipenda, akasoma bei yake kuwa dola 60, na tangu hapo anaamini kwamba gauni lile ni la dola 60. Hiyo ni bei ya gauni likiwa huko huko liliko, limekunjwa ghalani. Wewe unalitaka Mbagala, limepigwa pasi, kabla ya shughuli. Gauni la Mbagala lina bei yake, na bei hiyo haikuandikwa kwenye ukurasa ule. Itabidi uiandike mwenyewe.

Mstari wa kwanza andika bei: 60. Mstari wa pili, usafiri wa meli hadi Dar es Salaam, tuseme 38. Mstari wa tatu, bima, 2. Jumla ni 100. Usidhani usafiri na bima ni mambo ya kumalizana na msafirishaji tu. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inauthamini mzigo wa meli ukiwa umeshafika kwetu, kwa hiyo nauli ya gauni nayo inatozwa kodi; nauli ya ndege ndiyo haijumlishwi kwenye thamani ya ushuru. Mawakala wa forodha huiita thamani hiyo CIF, na ukiwakuta wanabishana juu ya mzigo, mara nyingi ndiyo wanayoibishania.

Sasa ushuru. Tangu tarehe 1 Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya una mafungu manne: 0% kwa malighafi na mitambo, 10% kwa vitu vinavyokwenda kumaliziwa kiwandani, 25% kwa bidhaa zilizokamilika, na 35% kwa zile ambazo nchi zetu zimeona zina uwezo wa kujitengenezea. Nguo ziko kwenye 35%, pamoja na samani na bidhaa za ngozi. Kwa hiyo 100 yako imekuwa 135. Baada ya hapo inakuja VAT ya 18%, na hapa ndipo wengi wanapoachwa njiani. Haikokotolewi kwenye 60, wala kwenye 100. Inakokotolewa kwenye 135, yaani ushuru uliokwisha kuulipa nao unalipiwa kodi. Ni dola 24.30. Jumla, 159.30.

Itazame karatasi yako vizuri. Kodi peke yake ni dola 59.30. Zimebaki senti 70 ifikie bei ya gauni lenyewe.

Na bado hujamaliza. Kuna tozo ya maendeleo ya reli na ada ya forodha ya kuchakata nyaraka, zote asilimia ndogo lakini hazikosi kuja. Kuna kampuni ya kusafirisha vifurushi ambayo hukulipia kodi kwanza ili mzigo usilale, kisha ikakudai fedha yake pamoja na ada ya kukulipia. Ada hiyo mara nyingi ina kima cha chini, ndiyo maana anayeumia zaidi ni mwenye kifurushi kidogo. Halafu forodha hubadilisha dola kuwa shilingi kwa kiwango chake yenyewe, si kile cha benki yako wala cha duka la fedha pale Posta. Msomaji wa Nairobi atumie VAT ya 16%, kisha aongeze ada ya tamko la uagizaji ya 2.5% na tozo ya reli ya 2%. Wa Kampala na Kigali wabaki na 18%. Bei ya mtandaoni ni mgeni aliyepewa kadi ya mtu mmoja, akafika ukumbini na watu watano nyuma yake, na wote wanataka kula.

Sina ugomvi na kodi yenyewe. Cherehani za Dar es Salaam, Arusha na Mwanza zinashona magauni, na nchi inayotaka mafundi wake wale ina haki ya kuweka 35% mlangoni. Ninachokipinga kwa moyo wote ni mtu kukutana na hesabu hii kwa mara ya kwanza siku mzigo umeshafika, fedha ya gauni imeshaondoka, na sherehe ni Jumamosi. Mtu wa namna hiyo hana tena uhuru wa kuamua. Hesabu aliyostahili kuiona kabla ya kulipa anaiona baada ya kulipa.

Kwa hiyo turudi kwenye karatasi, na sasa tuingie kwenye boksi.

Boksi lina uzito wa aina mbili: ule wa mizani na ule wa ukubwa. Wasafirishaji wa ndege hupima urefu, upana na kimo kwa sentimita, huzidisha, kisha mara nyingi hugawanya kwa 5,000. Jibu linalopatikana linahesabiwa kuwa kilo, na wewe unalipia kubwa kati ya hizo mbili. Umeagiza mito ya kulalia. Kwenye mizani ni kilo 4. Boksi lake ni sentimita 60 kwa 40 kwa 40, yaani 96,000. Gawanya kwa 5,000 upate kilo 19.2. Utalipia kilo 19.2. Hewa iliyomo kwenye mito imelipiwa nauli. Mwandikie muuzaji kabla hajafunga mzigo: toa maboksi ya viatu, nyonya hewa, kunja kinachokunjika, nitumie vipimo vya boksi la nje. Ujumbe huo mfupi unaweza kuokoa fedha nyingi kuliko punguzo lolote la bei utakaloliomba.

Wale wanaoagiza Guangzhou au Yiwu kupitia wasafirishaji wenye ofisi Kariakoo wanajua hesabu nyingine: kwa ndege ni kilo, kwa meli ni CBM, yaani mita moja ya ujazo. Hapo swali la kwanza liwe: bei hiyo ni pamoja na kodi, au kodi ni juu yangu? Lipate jibu kwa maandishi. Msafirishaji anayekupa bei ya kila kitu ndani amekurahisishia sana, na kwa mfanyabiashara mdogo wa vyombo au nguo za watoto huenda hiyo ndiyo njia pekee inayolipa. Lakini jua unachokitoa. Mzigo wako umo kwenye kontena la mchanganyiko, umetangazwa forodhani na mtu mwingine kwa jina la mwingine, na boksi la jirani likiwa na bidhaa iliyokatazwa, kontena zima linasimama pamoja na vyombo vyako. Siku ukitaka kulalamika kwamba kodi ilizidi, huna karatasi hata moja yenye jina lako. Omba ankara na omba risiti, hata kama mhusika ni mtoto wa shangazi yako.

Maneno “usafiri wa bure” yasome hivi: nauli imeshawekwa ndani ya bei, na bei hiyo ndiyo itakayothaminiwa.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji jambo moja ambalo wanunuzi wengi wa mara ya kwanza hawaliulizi: msimbo wa HS wa bidhaa. Ni namba inayotokana na mfumo wa Shirika la Forodha Duniani, lenye makao Brussels, ulioanza kutumika mwaka 1988. Tarakimu sita za mwanzo ni zile zile dunia nzima, kwa hiyo muuzaji wa Shenzhen na ofisa wa forodha wa Dar es Salaam wanasoma namba moja. Ukiwa nayo unafungua kitabu cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, unakiona kiwango chako, na hakuna wa kukutisha. Bila namba hiyo unabaki kukisia, na makisio ya mnunuzi siku zote huwa ya chini. Kompyuta mpakato inaingia kwa ushuru wa 0%. Mkoba wa kuibebea ukiuagiza peke yake hauingii kwa 0%. Mtu anaweza kushangaa kwa nini mkoba umetozwa asilimia kubwa kuliko kompyuta, lakini namba zilimwambia mapema.

Kuna vitu ambavyo kodi ndiyo shida yake ndogo; kubwa ni kibali cha mamlaka husika. Dawa na vifaa tiba vina TMDA. Vyakula na vipodozi vina TBS, ambayo ilikabidhiwa kazi hiyo mwaka 2019. Mbegu na miche zina mamlaka ya afya ya mimea, na vifaa vya mawasiliano vina TCRA. Jedwali la Pili la sheria ile ile ya forodha limekataza kabisa sabuni na vipodozi vyenye zebaki, tairi zilizotumika za magari madogo, na bidhaa bandia. Krimu ya kung'arisha uso iliyokamatwa hairudishiwi nauli. Kiatu chenye nembo ya kughushi kitateketezwa kikiwa kipya kabisa, na hapo hakuna wa kumlilia.

Sasa ushauri ambao utapewa na kila mtu, kuanzia muuzaji mpaka binamu yako: andika dola 10 kwenye ankara, au andika “zawadi”. Usiandike. Neno zawadi halifuti kodi ya gauni ulilolinunua. Bei ya uongo ni rahisi kuishtukia, kwa sababu ofisa anaweza kufungua duka lile lile ulilofungua wewe na kuisoma bei ile ile. Akiikataa ankara yako, thamani itatafutwa kwa njia nyingine, na njia hizo hazina sababu ya kukuhurumia. Kifungu cha 203 cha sheria ya forodha kinahesabu tamko la uongo kuwa kosa, na mali inaweza kutaifishwa. Kuna hasara nyingine inayosahaulika: kifurushi cha dola 60 kilichoandikwa dola 10 kikipotea, bima italipa dola 10. Anayekushauri hivyo hatakuwa pale kaunta siku hiyo. Jina lililoandikwa kwenye boksi ni lako.

Simu itakuja. Sauti itakuwa ya upole.

“Habari dada, mzigo wako umefika. Kuna kodi ya kulipia, tuma kwenye namba hii hii nikukamilishie.”

“Salama kaka yangu, ahsante kwa taarifa. Naomba unitumie TANSAD na kontrol namba, nilipie mwenyewe.”

Jibu hilo lishike kwa moyo, na ulitoe kwa heshima, maana anayepiga simu huenda ni kijana wa kazi tu asiye na nia mbaya. TANSAD ndiyo hati ya forodha ya Tanzania inayoonyesha bidhaa gani imetangazwa, kwa thamani gani, na kila kodi iliyokokotolewa. Kontrol namba ndiyo inayoipeleka fedha yako kwenye akaunti ya serikali. Kodi ya forodha hailipwi kwenye namba ya simu ya mtu. Akikwambia kwamba kwa njia hiyo itachelewa, acha ichelewe siku moja. Vishoka hawana silaha nyingine zaidi ya haraka yako. Wakala halali wa kugomboa mzigo ana leseni na ofisi, na ada yake anaiandika mbali na kodi, ili uone ipi imekwenda serikalini na ipi ni ujira wake.

Hata hivyo usilale. Sheria inataka mzigo utangazwe forodhani ndani ya siku 21 tangu uanze kushushwa. Baada ya hapo unaweza kuhamishiwa kwenye ghala la forodha, na ukikaa huko siku 30 bila kutolewa, njia ya mnada imefunguka kwa tangazo. Kabla ya mnada kuna tozo ya ghala, ambayo huongezeka kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Watu wengi huuacha mzigo kwa hasira ya kodi, wakidhani wanamkomoa mtu. Ukiamua kuuacha, uache kwa sababu umepiga hesabu ukaona haulipi. Na ukiamua kuutoa, utoe wiki ya kwanza.

Gari linahitaji karatasi nzima ya peke yake. Tanzania tunanunua magari yaliyotumika kutoka Japani, na tangazo lina picha, kilometa na bei ya kufikisha Dar. Mnunuzi huchukua bei hiyo na kuanza kukokotoa kodi. Asianzie hapo. Mamlaka ya Mapato ina mfumo wa kuthamini magari yaliyotumika, uko wazi kwenye tovuti yake, na thamani itakayotumika ni ile ya mfumo kwa aina, modeli na mwaka wa gari, hata kama wewe ulibahatika ukalipata kwa nusu yake. Tuseme mfumo umesema dola 4,000 kwa gari la injini ya cc 1,500 lenye miaka 11. Ushuru wa forodha 25% ni 1,000, tumefika 5,000. Ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, 5%, ni 250. Ushuru wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka 10 ni 30%, yaani 1,500. VAT ya 18% kwenye 6,750 ni 1,215. Jumla ya kodi, dola 3,965, kabla ya tozo ndogo, wakala, bandari na usajili. Gari lile lile likiwa halijatimiza miaka 8 halilipi ile 1,500. Ndiyo maana gari la bei rahisi zaidi kwenye tangazo mara nyingi ndilo ghali zaidi likishafika Kurasini. Na kwa kuwa Sheria ya Fedha hubadilisha viwango kila tarehe 1 Julai, gari lililonunuliwa Mei likatangazwa forodhani Julai linaweza kukuta hesabu mpya.

Je, mnunuzi anaweza kuonyeshwa jumla yote kabla hajalipa? Anaweza, na tayari inafanyika kwingine. Uingereza ilifuta msamaha wa VAT kwa vifurushi visivyozidi pauni 15 tarehe 1 Januari 2021, na Umoja wa Ulaya ukafuta wa euro 22 tarehe 1 Julai mwaka huo huo. Raia wao walianza kulipa zaidi, lakini sheria hizo zilikuja na utaratibu: kwa mzigo usiozidi pauni 135 kwa Uingereza, na euro 150 kwa Ulaya, muuzaji anaweza kutoza VAT pale pale dukani na kuipeleka kwa serikali husika. Mnunuzi wa Leicester anaiona jumla kabla hajabonyeza. Marekani ilikwenda njia ya ghafla zaidi. Tarehe 29 Agosti 2025 iliondoa msamaha wa vifurushi visivyozidi dola 800 kwa nchi zote, na tangu hapo Mtanzania wa Houston anayeagiza vitenge vya kuuza kutoka kwetu anakutana na mshangao ule ule tunaoujua sisi. Kama Ulaya na Uingereza wameweza kuiweka kodi kwenye ukurasa wa kulipia, Afrika Mashariki yenye kitabu kimoja cha ushuru inaweza pia. Kikokotoo cha magari kipo na kinafanya kazi. Kiwepo na cha gauni, cha blenda, cha viatu vya mtoto, kwa Kiswahili, na kisomeke kwenye simu. Hiyo ni kazi ya serikali, na wanunuzi tuna haki ya kuidai.

Kwa sasa, mwombe muuzaji akuuzie kwa masharti ya DDP kama anayo. Hapo kodi na ushuru wa nchi yako ni juu yake, na bei anayokupa ndiyo ya mwisho. Akisema DAP, atakufikishia mzigo lakini kodi ni yako. Usiridhike na “tunatuma dunia nzima”. Uliza ni ipi kati ya hizo mbili. Na kabla ya yote, tazama kama kitu chenyewe hakitengenezwi ndani ya Jumuiya. Bidhaa yenye asili ya nchi mwanachama, ikiwa na cheti cha uasilia, haitozwi ushuru wa forodha. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti kilichorahisishwa kinachopatikana mpakani. Kikoi cha Mombasa au mkoba wa Kampala utakudai VAT, lakini ile 35% haimo.

Na ukishalipa, kisha ukagundua kwamba gauni lilipewa msimbo usio wake, au nauli ilihesabiwa mara mbili, usiishie kulalamika kwenye daladala. Kifungu cha 229 cha sheria ya forodha kinakupa siku 30 tangu uamuzi ufanyike umwandikie Kamishna kuomba uamuzi upitiwe upya. Naye ana siku 30 za kukujibu, na asipojibu ndani ya muda huo, sheria inahesabu kwamba ombi lako limekubaliwa. Akilikataa, una siku 45 za kwenda kwenye Bodi ya Rufani za Kodi. Marejesho ya ushuru uliolipwa kwa makosa nayo yana muda wake, miezi 12 tangu siku ya malipo. Barua haihitaji wakili. Taja namba ya TANSAD, ambatanisha ankara, ushahidi wa malipo uliyomfanyia muuzaji, picha ya bidhaa na ukurasa wa kitabu cha ushuru wenye msimbo unaouona ndio sahihi. Chapa nakala mbili. Moja iache masjala, na ya pili waigongee mhuri wa kupokelewa, tarehe isomeke.